Nimenunua magurudumu ya 84, fremu imeyakataa. Nikate, nitoboe au nivumilie?

Goti_Bandeji

Wakuu, heshima kwenu wote. Nina skeiti za magurudumu manne kwa mstari mmoja (skeiti, si sketi, naomba tusianzie hapo kama mara iliyopita). Magurudumu yaliyokuja nazo yameandikwa 76mm 82A (76mm ni kipenyo, 82A ni ugumu). Nimezivaa mwaka na nusu sasa, karibu kila jioni.

Kilichonisukuma kuandika ni aibu. Tunateleza watu watano na mimi ndiye mkia. Wenzangu wakipiga hatua mbili wamekwenda, mimi napiga nne na bado naangalia migongo yao. Siku moja tulipopumzika nikaacha kuangalia migongo nikaangalia miguu. Mmoja ana magurudumu ya 80, wawili wana 84, na yule anayetuacha wote ana matatu makubwa ya 110 kila mguu. Nikajiambia, kumbe ndiyo sababu. Mimi nazungusha vigurudumu vya mkokoteni wa mtoto, wenzangu wako kwenye baiskeli.

Nikaagiza manane ya 84. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kutoka 76 hadi 84 ni milimita 8 tu, hata kidole changu cha mwisho ni kinene kuliko hapo. Kitu gani kitakataa?

Jana usiku nikakaa sakafuni na ufunguo wangu wa pembe sita. Gurudumu la kwanza likaingia. Nikalizungusha, likazunguka vizuri, ingawa juu yake, pale chini ya buti, imebaki nafasi ya kupita karatasi tu. La pili likagoma. Yaani ekseli haifiki kwenye tundu lake kwa sababu gurudumu limeshagonga mwenzake tumboni. Nikalitoa, nikajaribu nafasi ya tatu, likaingia. Hapo nikapata akili ambayo leo naona haikuwa akili: nikapanga 84, 76, 84, 76. Yote yakazunguka, hakuna lililogusa jirani. Nikavaa mguu wa kulia, nikavaa wa kushoto, nikasimama nimeshika mlango. Nikauachia mlango.

Nilijua nikianguka nitaangukia magoti, ndiko kwenye pedi. Nikaenda nyuma, makalio kwanza, kama mtu aliyevutiwa kiti. Leo naandika nikiwa nimesimama.

Sasa nauliza. Naweza kuyatia tupa haya ya 84 yapungue? Au nitoboe matundu mapya kwenye fremu niachanishe ekseli? Au ninunue fremu nyingine niifunge kwenye buti hilihili? Ndani ya fremu nimekuta maandishi madogo sana, MAX 80mm, sijui kama ni amri au ushauri. Na swali la mwisho, ambalo pengine lingekuwa la kwanza: ni kweli magurudumu ndiyo yanayowakimbiza wenzangu?

Mpitanjia

Piga msasa mpaka yafike 80, kazi imekwisha. Mimi nilishawahi kufanya hivyo kwa gurudumu la kigari na linatembea hadi leo.

MzeeBeringi

Goti, pole kwa kuanguka. Mpitanjia, kigari hakina mtu juu anayesimama kwa mguu mmoja. Gurudumu la skeiti ukilikwangua kwa mkono halibaki duara. Utaona liko sawa kwa macho, ukishika mwendo utalisikia kwenye meno. Na ni manane, yote yatoke na kipimo kimoja. Hayo mahesabu huyapati kwa msasa. Kutoboa fremu ndiyo usilifikirie kabisa. Tundu likikosea nusu milimita, gurudumu limekaa upande, na alumini uliyoitoboa karibu na tundu la zamani inakuwa dhaifu palepale inapobeba uzito wako.

MAX 80 si amri wala ushauri. Ni hesabu, na unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, au rula nzuri, upime kutoka ukingo wa kushoto wa kichwa cha ekseli moja hadi ukingo wa kushoto wa kichwa cha inayofuata. Usipime kati ya magurudumu, pima ekseli kwa ekseli. Nakubashiria utapata 81. Ukizidisha kwa mapengo matatu unapata 243, ndio urefu wa kawaida wa fremu za 80 nne.

Sasa tazama. Magurudumu mawili jirani yanagawana pengo hilo, kila moja linachukua nusu yake. Nusu ya 84 ni 42. Ukiweka mawili jirani ni 42 na 42, yaani 84, na pengo lako ni 81. Hayaingii hata ukiyaombea dua. Ukiweka 84 jirani na 76 ni 42 na 38, jumla 80, imebaki milimita moja. Ndiyo maana mpangilio wako wa pili uliingia ukadhani umeushinda mfumo.

Kilichokuangusha ni hiki. Magurudumu ya 84 yalishuka chini kuliko ya 76 kwa milimita 4, kwa hiyo ulikuwa umesimama juu ya la kwanza na la tatu tu. La nne lilikuwa hewani. Ulipoachia mlango, uzito ukaenda kisigino kama kawaida ya mtu yeyote anayeogopa, ukapita nyuma ya ekseli ya tatu, skeiti ikabembea mpaka la nne likagusa chini, na la mbele likanyanyuka kama milimita 8. Ulikaa kwenye pembea bila kujua.

Kuhusu swali lako la mwisho, hapo umenigusa, kwa sababu umeyalinganisha na baiskeli na wengi hulinganisha hivyo. Skeiti haina mnyororo. Kwenye baiskeli pedali inalizungusha gurudumu, kwa hiyo ukubwa wake unaamua kila mzunguko wa mguu unakupeleka umbali gani. Wewe hulizungushi gurudumu, unaisukuma ardhi kwa ubavu wa mguu, gurudumu linafuata tu. Ukivaa 110, hatua yako haigeuki kuwa ndefu kwa sababu mzingo wa gurudumu ni sm 34 na nusu badala ya 24.

Faida ya gurudumu kubwa ni nyingine. Likikutana na kokoto au ufa, linaupanda kwa mteremko mpole zaidi, halijikwai, kwa hiyo kasi uliyokwisha kuitafuta haipotei. Kwenye lami mbovu utaona tofauti kubwa. Kwenye sakafu laini kama kioo tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani. Na faida hiyo inalipiwa: gurudumu ni zito, linachelewa kuondoka, na linakupandisha juu. Kutoka 80 hadi 110 nusu kipenyo inaongezeka milimita 15. Mafundi wa fremu hupunguza kidogo kwa kulificha gurudumu la kati katikati ya boliti mbili za buti, lakini bado unapanda, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Mimi nililipa. Nilihama kutoka 80 nne kwenda 110 tatu siku moja, bila kupitia popote. Saa ya kwanza nilijiona ndege. Saa ya pili vifundo vyangu vilikuwa vinaangukia ndani, nikawa nateleza kama ng'ombe kwenye tope. Wiki mbili nzima nilikuwa navaa nusu saa, navua. Baadaye mguu ulizoea, na leo siwezi kurudi nyuma, lakini asikwambie mtu kwamba ni kubadilisha gurudumu tu. Ni kujifunza kusimama upya.

Kabla hujanunua kitu kingine, nifanyie kazi moja. Pima magurudumu yako ya zamani. Usisome yalivyoandikwa, yapime, moja moja, na uniambie liko nafasi ya ngapi na mguu gani. Halafu geuza buti uangalie fremu imefungwaje: ni boliti unazoweza kufungua, au ribiti?

KoniKumi

Pole kaka Goti. Nimecheka ila kwa huruma, mimi pia nimewahi kulala chali kwa ajili ya hesabu.

Nataka tu kuongeza kwamba kuchanganya ukubwa si dhambi, dhambi ni kuchanganya bila mpango. Sisi tunaocheza kupita kati ya koni tunachanganya kwa makusudi. Skeiti zangu ni 76, 80, 80, 76. Mawili ya kati yanashuka milimita 2 kuliko ya pembeni, chini ya mguu panakuwa na tumbo kama la mtumbwi. Nikiegemea mbele natumia mawili ya mbele, nikiegemea nyuma natumia mawili ya nyuma, na katikati nazunguka hapohapo kama pia. Siku ya kwanza ukivaa hivyo unahisi mtu anakutikisa mabega. Tofauti na mpangilio wako ni kwamba wangu umelingana mbele na nyuma, na kina chake ni milimita 2, si 4.

Lakini hasara yake ndiyo unayoijali wewe. Kwa mwendo wa moja kwa moja skeiti za mtumbwi hazitulii, zinatafutatafuta njia, na ukisukuma hupati ukingo wote wa magurudumu manne. Nikitaka kwenda mbali navaa zile zangu nyingine zilizo sawa chini.

Wachezaji wa hoki nao wana yao, 76 mawili mbele na 80 mawili nyuma. Ila fremu zao zimetengenezwa ekseli za mbele zikiwa chini kidogo ili yote manne yaguse sakafu. Ukiyaweka kwenye fremu iliyonyooka kama yako, yote manne hayagusi chini kwa pamoja.

Halafu hiyo 82A. Watu wanatazama milimita wanasahau namba ya pembeni. Hiyo ndiyo ugumu: ikishuka ni laini, ikipanda ni gumu. Magurudumu ya hoki ya ndani ya 74A yanashika sakafu laini kama mjusi ukutani, ukiyatoa kwenye lami yanaliwa kama kifutio. Kwa lami 84A au 85A yanakaa vizuri. Mimi nikitaka kuserereka navaa magumu zaidi, 88A na kuendelea, lakini kwenye lami ya kokoto magumu yanakutetemesha hadi mboni. Wewe unaenda mwendo, chukua 85A usiwaze.

Goti_Bandeji

Shikamoo mzee, na asante dada KoniKumi. Nimekaa (sasa naweza kukaa) nikafanya kazi niliyopewa.

Ekseli kwa ekseli: 81, 81, 81. Mzee, ulikuwa chini ya kitanda changu?

Magurudumu. Kulia kuanzia mbele: 72, 74, 75, 74. Kushoto: 72 na nusu, 74, 75, 74 na nusu. Nilipima mara mbili nikidhani kalipa ina uongo. Hakuna hata moja lenye 76 iliyoandikwa ubavuni. Na yale mawili ya mbele si kwamba yamepungua tu, yameliwa upande wa ndani, yamekaa kama kisigino cha kiatu cha mtu mwenye matege.

Fremu imepigwa ribiti. Nimeangalia kwa tochi, vichwa vya mviringo, hakuna mahali pa kutia ufunguo.

MzeeBeringi

Marahaba. Ribiti zimekurahisishia maamuzi. Fremu ya namna hiyo haibadilishwi, hesabu yako inaanzia na kuishia 80. Ukija kutaka 110 au 100 siku moja, tafuta buti ambalo fremu yake inafungwa kwa boliti, na kabla ya kununua fremu pima umbali kati ya tundu la boliti la mbele na la nyuma. Nyingi ni 165, za mbio ni 195, za wanaoruka ngazi na kuteleza juu ya vyuma zina mfumo wao, na kuna zinazofungwa kwa nukta tatu. Fremu ya mfumo mmoja haikai kwenye buti la mfumo mwingine.

Sasa nikusomee hizo namba zako, maana magurudumu yaliyolika ni shahidi asiyehongeka.

La mbele lina 72, linalofuata 74. Kwa hiyo gurudumu lako la mbele haligusi chini unaposimama sawa, linaelea kidogo hewani. Siku nyingi huteleze kwa magurudumu yote manne. Lakini kwa nini la mbele ndilo lililoliwa, tena ubavu wa ndani, tena miguu yote miwili? Kwa sababu unasukuma kwa vidole. Unateleza kama mtu anayetembea haraka: mguu unaupeleka nyuma, kisigino kinanyanyuka kwanza, na mwisho wa hatua nguvu zako zote zinamalizikia kwenye gurudumu moja dogo la mbele. Linakwaruza lami, linaliwa, na wewe unabaki mkia.

Sukuma pembeni. Mguu uende ubavuni, magurudumu yote manne yakiwa chini hadi mwisho, na ikiwezekana uhisi kisigino ndicho kinachoondoka mwisho. Goti lililobaki likunjwe mpaka usione ncha ya buti. Mwanzoni utajiona unakwenda taratibu zaidi.

Chukua 80 za 85A, manane mapya yote. Usinunue mawili ya mbele tu ukayaweka na ya zamani, utakuwa umejitengenezea ugonjwa uleule upande wa pili.

Ukifunga, kuna mambo matatu yatakusumbua, nayasema mapema. Beringi zako utazihamisha, ni zilezile: nje milimita 22, tundu 8, unene 7. Kati ya beringi mbili kuna kibomba kidogo, spesa, usikipoteze. Ekseli yenye breki ni ndefu kuliko nyingine, usiichanganye. Na breki yenyewe itapanda: nyuma unatoka 74 unakwenda 80, nusu yake ni milimita 3, kwa hiyo mpira wa breki utakuwa juu kwa milimita 3 kuliko mguu wako ulivyozoea. Shusha breki kama ina nafasi ya kushushwa, au weka mpira mpya. Usiende kuijaribu kwenye mteremko.

Mpitanjia

Mzee, basi kama ukubwa hausaidii sana, kwa nini watu wa mbio wamehamia makubwa? Zamani si walikuwa na matano madogo?

MzeeBeringi

Swali zuri, kuliko ule msasa wako.

Ndiyo, miaka ya 1990 skeiti ya mbio ilikuwa na matano ya 80. Fanya hesabu ileile: mapengo manne ya 81 ni 324. Mguu wa binadamu haurefuki, na fremu ikizidi sana urefu huo kona hazipitiki. Kwa hiyo aliyetaka gurudumu kubwa alilazimika kutoa moja. Manne ya 100 yakaingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye manne ya 110 ambayo yanataka zaidi ya 330, halafu ndipo wengine wakatoa jingine tena wakabaki na matatu ya 125. Wale wana vifundo vya chuma na wanashindania kila kokoto isiwapokonye kasi. Sikusema hausaidii. Nimesema hausaidii anayesukuma kwa vidole.

Goti_Bandeji

Nimerudi na mrejesho, wakuu. Ni mrefu kidogo mnivumilie.

Yale ya 80 yamefika. Yule mwenzangu mwenye fremu za 84 amechukua yangu manane, naye ya kwake yalikuwa yameshachoka. Hapo nimepona.

Kutoa beringi kwenye magurudumu ya zamani kulinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Niliingiza ekseli kwa upande, nikaisukuma spesa nayo ikaisukuma beringi ya upande wa pili, ikatoka na mlio kama kizibo. Beringi kumi na sita. Nyingine zilitoka na unyoya wa nywele umejisokota ndani, sijui wa nani. Nilizifuta kwa kitambaa kikavu, nikazisukuma kwenye magurudumu mapya kwa kidole gumba mpaka zikakaa sawasawa na ukingo.

Nikafunga. Saba yakazunguka. La nane, kulia nafasi ya tatu, likizungushwa linaenda nusu mzunguko linasimama. Nikalegeza ekseli, likazunguka. Nikaikaza, likasimama. Nikasema beringi imekufa, nikahamisha beringi kutoka gurudumu la jirani. Likasimama vilevile. Nikabadilisha ekseli. Vilevile. Dakika arobaini wakuu, na miwani kichwani. Mwisho nikalitoa nikachungulia tunduni: naona mwanga mtupu mpaka upande wa pili. Hakuna spesa.

Nimeielewa spesa siku hiyo. Bila ile, unapokaza ekseli hakuna kinachozuia beringi mbili zisibanwe zikaelekeana, zile pete za ndani zinasukumwa upande na vigololi vinakwama. Yenyewe ni kitu cha milimita kumi hivi, hakina uzito, ukikitazama unaona ni takataka. Niliipata ndani ya ndara yangu.

Halafu breki. Mzee, nilijua umesema, nikaishusha hadi mwisho wa skrubu, nikaona nimemaliza. Nikajaribu kwenye korido kabla ya kutoka. Nikapeleka mguu mbele, nikanyanyua vidole kama kawaida, na hapo ambapo huwa inashika haikushika. Ilibidi ninyanyue zaidi mpaka nikahisi nataka tena kwenda nyuma, na makalio yangu yakakumbuka. Mpira ulikuwa umeliwa nao. Nimeweka mpya, sasa inashika mapema hata kuliko zamani.

Sasa mwendo. Jioni ya kwanza nilihisi nimepanda kwenye kitu. Milimita 3 au 4 ni upuuzi kwa rula, lakini mguu unazijua. Zile nyufa za lami nilizokuwa nazihesabu kwa meno zimekuwa laini zaidi. Kubwa ni kwamba zinaenda moja kwa moja, kumbe ule mtikisiko niliodhani ni woga wangu ulikuwa gurudumu la mbele linaloelea.

Lakini bado nilikuwa mkia. Nikasema sawa, tujaribu hicho cha pembeni. Mzee, siku tatu za kwanza nilitaka kukutukana kwa heshima zote. Mapaja yaliwaka moto, na nilikuwa wa mwisho kwa mbali kuliko mwanzo. Siku ya nne au ya tano, kuna hatua moja tu, mguu wa kushoto, ilienda ubavuni ikakaa, na nikasikia sauti tofauti. Zamani mwisho wa hatua yangu kulikuwa na mkwaruzo, krrr. Hiyo haikuwa nao. Ilikuwa kimya halafu nikajikuta niko mbele.

Hatua ya kulia bado inakwaruza. Nasikia kabisa: kimya, krrr, kimya, krrr. Yule wa 110 amenicheka anasema nateleza kama saa mbovu. Lakini tukianza, hatua kumi za kwanza yuko nyuma yangu, ndipo ananipita. Na yule wa 80 nimempita mara mbili, ingawa mara moja alikuwa anafunga kamba.

KoniKumi

Hongera kaka. Kwa huo mguu wa kulia, fanya hivi: simama kwa kushoto tu, goti limekunjwa, halafu usukume kwa kulia peke yake mara kumi ukiwa unarudisha mguu nyuma ya mwenzake kwa duara. Usibadilishe mguu. Mguu mbovu ukikaa peke yake unaona haya unajifunza.

Halafu usihukumu gurudumu kwa kulizungusha hewani ukahesabu sekunde. Hewani halibebi mtu. La kwangu linalozunguka muda mrefu kuliko yote ndilo lililokauka grisi.

MzeeBeringi

Umefanya vizuri. Sasa usingoje mwaka na nusu tena. Kila baada ya wiki chache yageuze: la kwanza liende nafasi ya tatu, la pili liende ya nne, na hivyohivyo kurudi, halafu uhamishe ya kulia kwenda kushoto, ubavu ulioliwa uangalie nje. Ekseli zikaze mpaka zitulie, usizinyonge, kichwa cha pembe sita kikishaliwa utaitoa kwa koleo na machozi.

Na weka alama ya wino ubavuni mwa lile la mbele kulia, ulipime baada ya mwezi. Likiliwa kuliko wenzake nitajua kama bado unaukwaruza, hata ukiniambia umeacha.

Goti_Bandeji

Nimeweka nukta mbili za wino mwekundu. Leo asubuhi lina 80 kamili, kwa kalipa ileile.